Chico Mendes: Mgema mpira aliyeifundisha dunia hesabu ya msitu

WAKUU wa nchi na wataalamu wa mazingira walipokutana katika mji wa Belém, Brazil, Novemba 2025, kwa mkutano wa 30 wa Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi, moja ya hoja zilizojadiliwa sana ni namna ya kuwalipa wananchi wanaoishi misituni ili misitu hiyo ibaki imesimama.

Hoja hiyo haikuzaliwa katika ofisi za wataalamu. Miaka 40 kabla ya mkutano wa Belém, ilikuwa tayari inatolewa na mwananchi wa kawaida ambaye hakupata shule utotoni, aliyeanza kugema mpira akiwa na umri wa miaka tisa, na ambaye baadaye aliuawa kwa risasi akitoka nje ya mlango wa nyuma wa nyumba yake ya mbao.

Jina lake kamili ni Francisco Alves Mendes Filho, lakini dunia inamfahamu zaidi kwa jina la Chico Mendes.

Alizaliwa Desemba 15, 1944, karibu na mji mdogo wa Xapuri, katika jimbo la Acre, magharibi mwa Brazil, jirani na mpaka wa Bolivia. Baba yake alikuwa mgema mpira, mwenye asili ya jimbo kame la Ceará, kaskazini mashariki mwa nchi hiyo. Kama ilivyokuwa kwa maelfu ya watu wa Ceará, ukame na umaskini ndivyo vilivyoisukuma familia hiyo kwenda kutafuta maisha katika msitu wa Amazon.

Biashara ya deni lisiloisha

Kazi ya mgema ilianza kabla ya alfajiri. Alitoka na taa kichwani, akifuata njia zake msituni, kwa kawaida mbili au tatu, kila njia ikipita kwenye miti ya mpira mia moja au zaidi. Alichanja gome la kila mti na kutega kikombe. Mchana alirudia njia ile ile kukusanya utomvu, kisha akaukausha kwa moshi hadi ukawa bonge kubwa la mpira.

Msimu wa mvua kugema kulikuwa kugumu, hivyo familia iliokota njugu za Brazil, ambazo huanguka zenyewe kutoka kwenye miti mirefu. Kwa hiyo msitu ule ule ulitoa mazao mawili kwa mwaka bila mti hata mmoja kukatwa. Pamoja na hayo, mgema alibaki maskini.

Sababu ilikuwa ni mfumo wa biashara. Bosi aliyemiliki eneo la msitu ndiye aliyekuwa na duka. Kabla ya msimu alimkopesha mgema chumvi, sukari, mafuta ya taa, risasi za kuwindia na visu, kwa bei aliyoipanga mwenyewe. Mwisho wa msimu mgema alilipa kwa mpira, tena kwa bei aliyoipanga bosi huyo huyo.

Mizani ilikuwa ya bosi na daftari lilikuwa la bosi. Mgema alitozwa kodi ya kutumia njia za msituni, na alikatazwa kuuza mpira wake kwa mchuuzi mwingine. Shule hazikuruhusiwa katika maeneo hayo, kwani mtoto anayejua kusoma angeweza kuhakiki hesabu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na huko Acre aliyepoteza alikuwa siku zote ni yule asiyeweza kulisoma daftari.

Soko nalo halikuwa upande wa wagema. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alisafirisha mbegu za mpira wa Brazil hadi London, na kutoka huko mimea ikapelekwa Asia. Mashamba ya Asia yalipoanza kutoa mazao mengi kwa gharama ndogo, bei ya mpira duniani iliporomoka miaka ya 1912 na 1913.

Anguko hilo halikuiacha Afrika Mashariki. Wakati huo Wajerumani walikuwa wamepanda katika mkoa wa Tanga na kwingineko aina nyingine ya mpira iliyotoka Brazil, iliyoitwa mpira wa Ceará, na mashamba mengi yakatelekezwa. Mti huo bado upo Tanzania hadi leo, na wengi wanaujua kwa majani yake ambayo hupikwa kama mboga, yaani kisamvu cha mpira.

Biashara ya Amazon ilifufuka kwa muda mfupi tu katika Vita Kuu ya Pili, baada ya Japan kuyateka mashamba ya Malaya mwaka 1942. Serikali ya Brazil iliwapeleka msituni makumi ya maelfu ya watu, wakaitwa askari wa mpira. Vita vilipokwisha, wengi walisahauliwa huko huko.

Shule ya redio na magazeti ya zamani

Mendes alikuwa kijana asiyejua kusoma hadi mapema miaka ya 1960, alipokutana na mtu aliyeitwa Euclides Távora. Huyu alikuwa mwanasiasa wa mrengo wa kushoto aliyeshiriki maasi ya mwaka 1935 na hatimaye akajificha msituni karibu na mpaka wa Bolivia.

Kila mwisho wa wiki kijana huyo alitembea msituni kwa saa kadhaa kwenda kwa mwalimu wake. Vitabu havikuwapo. Walitumia magazeti ya zamani, na usiku walisikiliza matangazo ya redio za nje kwa lugha ya Kireno, kisha wakalinganisha namna kila redio ilivyoeleza habari ile ile.

Elimu hiyo ndiyo iliyomfungua macho kuhusu bei ya mpira na kuhusu daftari la bosi. Aidha, ilimpa imani aliyobaki nayo maisha yake yote kwamba mzalishaji asiye katika chama hana nguvu ya kujadili bei.

Ng'ombe waingia msituni

Miaka ya 1970 mambo yalibadilika kwa kasi. Serikali ya kijeshi, iliyokuwa imeshika madaraka tangu mwaka 1964, ilitaka Amazon ijazwe watu na miradi. Barabara zilichongwa, na wawekezaji wakapewa unafuu wa kodi na mikopo nafuu. Matajiri kutoka kusini mwa Brazil wakanunua maeneo ya mpira kwa bei ya chini ili kuyageuza malisho ya ng'ombe.

Wagema waliokuwa wakiishi humo hawakuwa na hati. Baadhi walilipwa fidia ndogo, wengine walichomewa nyumba au kutishwa kwa bunduki. Wengi walivuka mpaka kwenda Bolivia au kuhamia vitongoji vya maskini vya mji mkuu wa jimbo, Rio Branco.

Kwa mtazamo wa kilimo, biashara hiyo ilikuwa na kasoro kubwa. Sehemu kubwa ya ardhi ya Amazon si yenye rutuba kama msitu unavyoidanganya macho. Rutuba imo ndani ya miti na majani yanayooza juu ya udongo. Msitu ukichomwa, majivu hustawisha nyasi kwa miaka michache, kisha mvua huosha udongo na malisho hudhoofika. Mfugaji husogea mbele na kukata msitu mwingine.

Hata mti wa njugu za Brazil, ambao sheria ya nchi hiyo inakataza kuukata, huzaa kidogo sana ukiachwa peke yake katikati ya malisho. Maua yake huhitaji nyuki wakubwa wa msituni, na mbegu zake hutawanywa na mnyama mdogo wa jamii ya panya ambaye huzifukia ardhini.

Wanakijiji wasimama mbele ya misumeno

Mwaka 1975 wafanyakazi wa vijijini walianzisha chama katika mji wa Brasiléia kwa msaada wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa vijijini na Kanisa Katoliki. Kiongozi wake aliyejulikana sana alikuwa Wilson Pinheiro, na Mendes alikuwa katibu. Mwaka 1977 chama kama hicho kikaanzishwa Xapuri, na mwaka huo huo Mendes akaingia katika baraza la mji kama diwani.

Kuanzia mwaka 1976 wagema walibuni njia ya kupambana bila silaha, wakaiita empate, yaani kukwamisha. Habari zilipofika kwamba msitu fulani unakatwa, wanaume, wanawake na watoto walikusanyika na kwenda kwa miguu hadi kwenye kambi ya wakataji. Mara nyingi wanawake na watoto walitangulia mbele.

Hawakuwapiga vibarua. Waliwaeleza kuwa wao pia ni maskini na kwamba kazi hiyo inawanyima wenzao riziki. Vibarua wakikubali kuweka misumeno chini, vibanda vya kambi vilibomolewa na kila mtu akarudi kwake.

Kwa hesabu aliyoitoa Mendes mwenyewe, kufikia mwaka 1988 walikuwa wamefanya empate 45, wakashindwa 30 na kushinda 15. Watu wapatao 400 walikamatwa. Hata hivyo, alikadiria kwamba hekta milioni 1.2 za msitu ziliokolewa.

Gharama ilikuwa kubwa. Julai 21, 1980, Pinheiro aliuawa kwa kupigwa risasi katika ofisi ya chama. Siku chache baadaye msimamizi mmoja wa shamba la mifugo naye aliuawa kwa kulipiza kisasi. Mendes na viongozi wengine waliohutubia mkutano wa maombolezo, akiwamo Luiz Inácio Lula da Silva ambaye baadaye alikuwa rais wa Brazil, walishitakiwa kwa uchochezi chini ya sheria ya usalama wa taifa. Baadaye waliachiwa huru.

Kutoka kuzuia hadi kupanga

Mendes aliona kuwa kuzuia misumeno peke yake hakutoshi. Mtu anayezuia leo lazima awe na kitu cha kuuza kesho. Ndiyo maana chama chake kilijenga mambo mengine mawili.

La kwanza lilikuwa elimu. Kuanzia mwaka 1981 shule za watu wazima na watoto zilifunguliwa msituni, zikiwa na kitabu kilichoandikwa kwa maneno na mifano ya maisha ya wagema. La pili lilikuwa ushirika, ili wagema wanunue bidhaa na kuuza mpira na njugu bila kupitia duka la bosi. Mwaka 1988 chama cha ushirika kikaanzishwa Xapuri.

Oktoba 1985, akisaidiwa na mtafiti Mary Allegretti, alikusanya wagema zaidi ya mia moja kutoka majimbo ya Amazon katika mji mkuu, Brasília. Wengi hawakuwa wamewahi kufika huko. Hapo ndipo lilipoundwa Baraza la Taifa la Wagema Mpira, na ndipo lilipotoka pendekezo la hifadhi za uvunaji.

Pendekezo hilo lilikuwa rahisi kueleweka. Ardhi ingebaki mali ya umma, isiuzwe wala kugawanywa. Wananchi wanaoishi humo wangepewa haki ya kudumu ya kuitumia kwa pamoja, wakivuna mpira, njugu, matunda na dawa, na kulima mashamba madogo ya chakula, kwa mpango waliokubaliana wenyewe.

Hapo kabla, hifadhi ilimaanisha msitu usio na watu, na maendeleo yalimaanisha watu wasio na msitu. Wagema walikuwa wanasema kuwa njia ya tatu ipo na wao wanaiishi.

Katika miaka hiyo pia wagema walifanya muungano na makabila ya asili ya msituni, ambayo walipigana nayo kwa vizazi kadhaa wakichochewa na mabosi. Wote walikuwa wametambua kuwa adui wao ni mmoja.

Suti ya kuazima na wakopeshaji wa dunia

Wakati huo barabara ya BR-364, kutoka Porto Velho hadi Rio Branco, ilikuwa inawekwa lami kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika. Mahali barabara kama hiyo ilikokwisha kupita, katika jimbo jirani la Rondônia, misitu ilikuwa imeteketea.

Machi 1987 Mendes alikwenda Miami, Marekani, ulikokuwa unafanyika mkutano wa benki hiyo, akiwa mtu wa msituni miongoni mwa mabenki. Hakuipinga barabara kwa kuwa ni barabara. Alichotaka ni wananchi wanaoishi pembeni mwake washirikishwe na walindwe kwanza. Mwaka huo malipo ya mkopo yalisimamishwa hadi masharti ya mazingira na jamii yatekelezwe.

Mwaka huo huo Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP), lenye makao makuu Nairobi, lilimpa tuzo yake ya Global 500. Sifa hizo za nje zilimlinda kidogo, lakini ziliwakasirisha zaidi wapinzani wake nyumbani, waliomwita adui wa maendeleo.

Desemba 22, 1988

Mgogoro wa mwisho ulihusu eneo la Cachoeira, karibu na Xapuri, ambako Mendes alikuwa na ndugu na wenzake wa muda mrefu. Mfugaji Darly Alves da Silva alitaka kulisafisha kwa ajili ya malisho. Wagema walimzuia, na mwaka 1988 serikali ikalitwaa eneo hilo na kuwaachia wao.

Mendes pia alipata habari kuwa mfugaji huyo alikuwa anatafutwa na mahakama ya jimbo la Paraná kwa mauaji ya zamani, akafikisha hati ya kukamatwa kwake polisi. Hati hiyo ilichelewa kutekelezwa. Mendes alianza kusema waziwazi kuwa atauawa, na akapewa askari wawili wa kumlinda.

Jioni ya Desemba 22, 1988, wiki moja baada ya kutimiza miaka 44, askari hao walikuwa jikoni kwake. Mendes alichukua taulo na kufungua mlango wa nyuma ili akaoge. Alipigwa risasi ya bunduki ya kuwindia na kufariki mbele ya mke wake na watoto wao wawili wadogo.

Desemba 1990 mahakama ilimhukumu Darly na mwanawe Darci, aliyefyatua risasi, kifungo cha miaka 19 kila mmoja. Walitoroka gerezani mwaka 1993 na kukamatwa tena mwaka 1996.

Alichoacha

Hifadhi ya kwanza ya uvunaji ilitangazwa Januari 1990, katika bonde la mto Juruá. Machi 12 mwaka huo ikatangazwa Hifadhi ya Chico Mendes huko Acre, ikiwa na karibu hekta 970,000. Leo Brazil ina zaidi ya hifadhi 60 za aina hiyo zilizo chini ya serikali kuu, zikiwamo za wavuvi wa pwani.

Mwanafunzi wake mmoja, Marina Silva, binti wa mgema mpira aliyejifunza kusoma akiwa na miaka 16 na kutembea naye katika empate, aliteuliwa waziri wa mazingira mwaka 2003. Mwaka 2004 msitu uliokatwa katika Amazon ya Brazil ulikuwa kiasi cha kilomita za mraba 27,700. Kufikia mwaka 2012, kutokana na mpango ulioanza chini yake, ulikuwa umeshuka hadi karibu 4,600. Ulinzi ulipolegezwa, ukapanda tena na kufikia takriban 13,000 mwaka 2021. Mwaka 2023 Marina alirudishwa katika wizara hiyo.

Takwimu hizo zinawahusu hata wasiowahi kuuona mti wa mpira. Msitu ukichomwa, hewa ya ukaa iliyohifadhiwa kwenye miti hupanda angani na kuongeza joto la dunia. Vilevile, miti ya Amazon hurudisha angani mvuke unaosafiri hadi mashamba ya kusini mwa Brazil na kuwa mvua. Mfugaji anayekata msitu anapunguza mvua ya mkulima wa mbali.

Mfuko wa misitu ya kitropiki uliozinduliwa Belém mwaka 2025 uliweka sharti kwamba angalau asilimia 20 ya malipo iende kwa makabila ya asili na jamii zinazoishi misituni. Wazo la Xapuri lilikuwa limefika kwenye meza ya fedha.

Hata hivyo, hesabu bado haijafungwa. Ndani ya hifadhi yenye jina la Mendes, idadi ya ng'ombe imeongezeka na msitu umeendelea kumegwa. Baadhi ya wanaofuga ni wavamizi, lakini wengine ni watoto na wajukuu wa wagema wenyewe.

Sababu yao inaeleweka na kila mfanyabiashara mdogo. Bei ya mpira wa msituni imekuwa chini kwa miaka mingi, ilhali ng'ombe ni benki. Mtoto akiugua usiku, ng'ombe huuzwa asubuhi. Serikali ya Acre ilijaribu kulijibu tatizo hilo kwa sheria ya mwaka 1999 iliyoongeza ruzuku kwenye bei ya mpira, na mwaka 2008 kiwanda cha kondomu kilifunguliwa Xapuri ili kununua utomvu wa wagema. Hatua hizo zilionyesha kuwa bei ikipanda, watu hurudi kwenye njia za msituni, na ikishuka, hununua ndama.

Mendes aliwapatia wenzake ardhi, chama na shule. Soko la uhakika hakuwahi kuliona. Sheria ya hifadhi inaweza kumzuia jirani asiingie na msumeno, lakini haiwezi kujaza daftari la familia mwisho wa msimu. Daftari hilo sasa wanalisoma wenyewe, na humo ndimo itakapoonekana kama msitu wa Xapuri utabaki umesimama.